Zamu ya Pili

Zamu ya kwanza ni ya bandari.
Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili nasoma namba
ubavuni mwa makontena,
herufi nne, tarakimu saba,
nanakili, natia sahihi, napisha lori.
Zamu ya pili ni ya kitandani, Kisauni,
pangaboi ikikata joto vipande
na joto likiungana tena.

Humo najua kwamba naota.
Sikufundishwa. Namba ndizo zilizoniambia:
nikisoma mara ya kwanza, saba;
nikirudia, saba imekuwa samaki,
imeteleza, haishikiki.
Basi hujiambia, humohumo usingizini:
Mbaruku, hii ni ndoto. Amri ni yako.

Kabla ya hapo nilikuwa na jinamizi moja tu.
Waya wa winchi unakatika, kontena linashuka,
na chini yake amesimama ndugu yangu Faki,
ameinama, anafunga kamba za kiatu.
Miaka mitatu lilinijia, nami mtazamaji.
Siku namba ilipoteleza
nilinyosha mkono, nikaliambia kontena: "Kaa."
Likakaa. Hewani, wingu la bati.
Faki akamaliza kiatu chake, akaenda zake.
Hakunitazama. Sikujali.

Nikanogewa.
Mwonja asali haonji mara moja.
Nikaanza kutega kengele ya simu saa tano mchana,
niamke dakika kumi, ninywe maji, nirejee
kabla mlango haujafungwa.
Nikamjengea Faki nyumba aliyoitaka, Magongo,
dirisha kwa dirisha,
nikamnunulia viatu visivyo na kamba.
Kila alasiri nilikuwa fundi, na mwenye mali, na mlinzi.
Kila magharibi niliamka na mchanga machoni,
mabega yakiuma kama yaliyobeba saruji ile.

Nuswaiba akaniuliza, sufuria mkononi:
"Kuna mtu achokeshwaye ni kulala?
Walala wende wapi wewe, hata urudi na jasho?"
Wiki hiyo niliandika namba moja mara mbili.
Lori la kuchukua chai likapakia mbolea.
Msimamizi hakufoka. Alinitazama tu,
na afadhali angefoka.

Daktari wa Tudor, kijana, Mwachiro jina lake,
hakuandika dawa. Aliweka kalamu chini.
"Wako wanaoamka wepesi, wako wanaoamka kama wewe.
Sijui yote. Anayekwambia ajua yote, muombe risiti.
Jinamizi limepungua?"
Limepungua.
"Basi hilo usilitukane. Lakini kengele ya saa tano…
nani alikwambia usingizi ni kontena,
ufunguliwe safari ingali nusu,
ukaguliwe, ufungwe tena,
usipungue?"

Nimeizima kengele. Sikula kiapo, nimeizima tu.
Siku kumi sikuota kitu ninachokikumbuka,
na nilizikumbuka namba zote za lori.
Nilimkosa Faki. Nitasema uongo wa nini.

Jana saba ikateleza tena, yenyewe, bila kutegwa.
Winchi juu, Faki chini,
kidole chake ndani ya kitanzi cha kamba.
"Kaa," nikasema. Likakaa.
Kisha, na hili sikumwambia daktari wala mke,
sikujenga kitu.
Niliketi kwenye sakafu ya bandari, saruji ingali moto,
nikalala. Ndotoni humo, nikalala.
Nilisikia tu viatu vyake vikipita,
mara vikasimama,
na kitu chepesi, labda fulana yake ya kazi,
kikaniangukia mgongoni.

Niliamka saa tisa unusu, mate kwenye mto,
mkono mmoja umekufa ganzi,
chai imefunikwa kisahani, ubavuni sisimizi.
Nikahesabu vidole, ndio ada yangu siku hizi.
Vitano. Nikarudia.
Vitano.
Mtoto wa jirani, kidevu dirishani,
akaniuliza kama nimepoteza kimoja.